Jinsi ya Kuunganisha Fumbo la Vipande 1000 la Majengo Mashuhuri ya Dunia

Fumbo la picha lenye majengo mashuhuri ya dunia lina faida ambayo fumbo la maua au la msitu halina: vilivyomo kwenye picha vina mpangilio unaojulikana hata kabla hujafungua boksi. Mnara wa Eiffel una miguu minne na sakafu tatu za wageni. Taj Mahal ina kuba kubwa katikati na minara minne pembeni. Mtu anayeyajua haya akishika kipande cha kahawia chenye vyuma vilivyopishana, anajua kinaelekea wapi kabla hajakijaribu. Asiyeyajua atakizungusha mezani jioni nzima.

Ushauri wangu mkubwa ni huo: lisome jengo kwanza, kisha ushike kipande. Mbinu za kawaida za kupanga na kutenga utazipata humu pia, lakini muda mrefu nitautumia kwenye majengo yenyewe, maana huko ndiko kazi inakorahisika na ndiko utamu wake uliko. Ninazungumzia aina inayopatikana kwa wingi, yaani fumbo la karatasi ngumu la vipande 1000, ambalo likikamilika huwa na upana wa karibu sentimita 70 na kimo cha karibu sentimita 50, na picha yake imekusanya majengo mengi ya nchi mbalimbali mahali pamoja.

Kabla ya kununua

Kama hujawahi kuunganisha fumbo lolote, anza na la vipande 500. Watu hudhani vipande 1000 ni kazi mara mbili tu ya vipande 500, lakini hesabu inasema vingine. Katika vipande 500 kuna jozi 124,750 zinazoweza kujaribiwa. Katika vipande 1000 kuna jozi 499,500. Hiyo ni karibu mara nne. Kwa mtoto au mgeni wa mchezo huu, tofauti hiyo ndiyo inayomfanya aliache fumbo katikati.

Tazama picha ya boksi kwa makini. Picha ya jengo moja, tuseme piramidi peke yake jangwani, hupendeza ukutani lakini nusu yake ni anga na mchanga mtupu. Picha iliyokusanya majengo kumi au kumi na tano ina kazi zaidi ya macho na kazi ndogo ya kubahatisha, kwa sababu kila sehemu ina rangi na umbo lake. Mimi humshauri anayeanza achukue hiyo ya mkusanyiko.

Ukinunua la mitumba, omba uhesabu vipande kabla ya kulipa, au angalau uhesabu ukifika nyumbani kabla hujaanza. Panga safu za kumi kumi, safu kumi zikitimia unazifunika kwa karatasi na kuanza mia nyingine. Usishtuke ukipata hesabu isiyo 1000 kamili. Vipande hukatwa kwa safu za kwenda juu na za kwenda upande, hivyo idadi halisi hutegemea safu hizo: 37 kwa 27 huleta 999, 36 kwa 28 huleta 1008, na 38 kwa 27 huleta 1026. Mengi ya mafumbo hayo bado huandikwa 1000 juu ya boksi. Cha kuogopa ni hesabu kama 991, ambayo haiendani na safu zozote.

La muhimu zaidi: boksi liwe na picha yake nzima. Fumbo lisilo na picha ya kuangalia ni la wazoefu.

Tayarisha mahali

Unahitaji nafasi ya fumbo lenyewe na nafasi nyingine kama hiyo ya kutandaza vipande. Meza ya chakula inatosha, lakini meza ya chakula ina kazi yake ya kila siku, kwa hiyo fanyia kazi juu ya ubao wa plaiwudi au hadibodi wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha 70 hivi. Wakati wa kula ukifika, unaubeba ubao na kuuweka juu ya kabati au chini ya kitanda. Chagua ubao usio na rangi kali na usiong'aa. Ukiufunika kwa kitambaa kigumu cha rangi moja, kama ile ya kijivu, vipande havitelezi na macho hayachoki.

Taa ije kutoka upande, isiwe juu ya kichwa chako moja kwa moja, maana karatasi ya fumbo mara nyingi imepakwa kitu kinachong'aa na mwanga wa juu huficha rangi. Mwanga wa mchana karibu na dirisha ndio bora kuliko yote. Rangi mbili za mchanga zinazofanana kabisa usiku chini ya taa ya njano hutofautiana waziwazi saa tatu asubuhi. Sehemu ngumu ziwekee mchana.

Kwa wanaoishi Pwani, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, unyevu ni adui. Karatasi ngumu hunyonya maji ya hewani, ikavimba, na picha ikaanza kubanduka pembeni mwa kipande. Usiliache fumbo wazi karibu na dirisha usiku wa masika. Lifunike kwa nailoni, na vipande ambavyo hujavigusa uvirudishe kwenye mfuko unaofungwa.

Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu haifai kuachwa na vipande chini. Ni vidogo kiasi cha kumkaba.

Chekecha, geuza, tenga kingo

Boksi jipya huwa na vumbi jingi la karatasi kutokana na kukatwa. Mimina vipande kidogo kidogo kwenye chekeche la unga au chujio lenye matundu mapana, tikisa juu ya ndoo, kisha umimine kwenye ungo. Vumbi likibaki huingia kwenye maungio na kufanya vipande vilivyo sahihi vionekane havikai. Kazi hii ni ya dakika chache na wengi huiruka, wakaja kulaumu fumbo.

Kisha geuza kila kipande picha iangalie juu. Wakati unageuza, tenga vyenye upande ulionyooka. Fumbo la safu 38 kwa 27 lina vipande 126 vya ukingoni, vinne kati ya hivyo vikiwa vya kona. Ukipata 120 usikwame hapo. Vingine vimejificha kwenye lundo, vitajitokeza.

Ungo na masinia ni vyombo bora sana kwa kazi hii. Ungo mmoja wa vipande vya ukingoni, sinia moja kwa kila kundi la majengo. Vifuniko vya maboksi ya viatu vinafaa pia.

Fremu ya nje unganisha mapema ili upate mipaka, lakini katika picha ya mkusanyiko usiilazimishe imalizike. Ukingo wa juu mara nyingi ni anga tupu na vipande vyake vinafanana mno. Unganisha chini na pande mbili, halafu uhamie kwenye majengo. Sehemu ya juu itajifunga yenyewe majengo yakishapanda. Kitu kimoja cha kukagua: upande wa kushoto na wa kulia lazima ziwe na idadi sawa ya vipande, vivyo hivyo juu na chini. Zisipolingana, kuna kipande kimekaa mahali pasipo pake.

Tenga kwa jengo

Hapa ndipo pa kukaa. Watu wengi hutenga kwa rangi: nyeupe huku, kahawia kule. Kwenye fumbo la majengo mashuhuri njia hiyo hukupa marundo mawili makubwa yanayochanganya, lundo la vyeupe na lundo la rangi ya mchanga, kwa sababu mawe na marumaru ndiyo yaliyojenga nusu ya mashuhuri ya dunia. Tenga kwa jengo, ukitumia alama ambayo jengo jingine halina.

Anza na yale ambayo hayafanani na chochote. Kanisa la Mtakatifu Basil la Moscow, lililojengwa kati ya mwaka 1555 na 1561 kwa amri ya Tsar Ivan wa Nne, ni zawadi kwa muunganishaji: kila kuba lina rangi na nakshi yake, moja lina mistari iliyozunguka, jingine miraba iliyochomoza, jingine pembe za zigizaga. Ukishika kipande chenye kijani na njano vilivyozunguka, hakina kwingine kwa kwenda. Daraja la Golden Gate la San Francisco, la mwaka 1937, lina rangi yake ya machungwa iliyoiva ambayo hakuna jengo jingine kwenye picha litakuwa nayo. Sanamu ya Uhuru ya New York ni ya shaba iliyobadilika kuwa kijani kwa kukaa hewani tangu 1886. Kijani hicho kimepauka, hakifanani na kijani cha majani. Mwenge wake una mwali wa dhahabu, na taji lina miale saba. Haya matatu yakikamilika, mkono umeshapata moto.

Kwenye mnara wa saa wa London, unaojulikana kwa wengi kwa jina la kengele yake, Big Ben, tafuta kwanza vipande vya uso wa saa. Namba zake ni za Kirumi na miguu ya namba hizo huelekea katikati ya saa, kwa hiyo kila kipande chenye namba kinakuambia chenyewe kikae vipi. Chini ya uso wa saa kuna mstari wa herufi za dhahabu za Kilatini. Vipande vyenye herufi hizo ni vya chini, kamwe si vya juu. Na kuna jambo linalowachanganya watu: katika picha za zamani namba na mishale ni nyeusi, katika picha mpya ni buluu iliyokoza. Ukarabati uliofanyika kati ya 2017 na 2022 ndio uliorudisha ile buluu ya asili. Angalia boksi lako lina ipi kabla hujatenga vipande vyeusi.

Kuwa mwangalifu na maandishi ya Kirumi kwa jumla, maana yanaweza kuwa kwenye majengo matatu ya picha moja. Yapo kwenye saa ya London. Yapo kwenye kibao anachokishika Sanamu ya Uhuru kwa mkono wa kushoto, chenye tarehe ya uhuru wa Marekani. Na yapo juu ya matao ya chini ya Colosseum, ambako kila mlango wa watazamaji ulikuwa na namba yake. Ya kwanza iko juu ya weupe, ya pili ni kijani juu ya kijani, ya tatu imechongwa kwenye jiwe na kufifia.

Mnara wa Eiffel huwatisha watu bila sababu. Una kimo cha mita 330 na ulifunguliwa mwaka 1889, lakini kwa muunganishaji una sehemu tatu tu. Kuanzia ardhini hadi sakafu ya kwanza, kwenye mita 57, kuna miguu minne iliyotanuka na tao kubwa la mapambo kati yake. Kutoka hapo hadi sakafu ya pili, mita 115, miguu bado imeachana na anga inaonekana katikati. Juu ya hapo inasogeleana hadi kuwa shina moja linalokonda mpaka kileleni. Kwa hiyo, kipande chenye nguzo mbili za chuma na pengo la anga katikati ni cha chini. Chenye mwili mmoja na anga pande zote mbili ni cha juu. Kipande chenye mkanda mpana wa kulala ni cha sakafu, na sakafu pana zaidi ndiyo ya kwanza. Vyuma vilivyopishana vinaonekana vikubwa chini na vidogo juu. Ukitumia alama hizo mnara unajengeka kwa utaratibu, kama fundi alivyoujenga, kutoka miguuni kwenda juu.

Sasa lundo la vyeupe. Kwa kawaida humo kuna Taj Mahal, Jumba la Opera la Sydney, Mnara wa Pisa, na Kristo Mkombozi wa Rio de Janeiro. Watenganishe hivi.

Mnara wa Pisa ni nguzo nyembamba zilizopangwa ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa ina kivuli nyuma ya nguzo. Mnara umeinama karibu nyuzi nne, kwa hiyo mistari yake ya kulala haiko sambamba na ukingo wa fumbo. Mistari ya majengo mengine kwenye picha imenyooka. Kipande chenye nguzo zilizolala kidogo kimeshajitaja.

Jumba la Opera la Sydney, kazi ya msanifu Jørn Utzon kutoka Denmark lililofunguliwa 1973, halina mstari ulionyooka juu yake. Mapaa yake yamefunikwa kwa vigae zaidi ya milioni moja vya aina mbili, vyeupe vinavyong'aa na vya rangi ya maziwa visivyong'aa. Vile visivyong'aa hufuata kingo, vikichora mistari inayoanzia chini na kutanuka kwenda juu. Kipande cheupe chenye mstari mwembamba wa rangi ya maziwa uliopinda ni cha hapa.

Kristo Mkombozi, aliyekamilika mwaka 1931, ana kimo cha mita 30 na mikono iliyonyooshwa mita 28. Weupe wake una ukijivu, na nyuma yake mara nyingi kuna anga au milima ya kijani. Ni rahisi kumkamilisha kwa kuanza na mikono, kwa sababu ndiyo mistari mirefu ya kulala katika eneo lake.

Taj Mahal ndiyo ngumu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Shah Jahan aliamuru ujenzi wake uanze mwaka 1632 kwa ajili ya kaburi la mkewe Mumtaz Mahal, na mafundi wake waliisawazisha kiasi kwamba nusu ya kulia ni kama nusu ya kushoto ikitazamwa kwenye kioo. Kwa mtazamaji huo ni uzuri. Kwa muunganishaji ni mtego, maana vipande vya mnara wa kulia vinafanana na vya mnara wa kushoto, na bwawa la mbele linaongeza nakala nyingine iliyogeuzwa juu chini. Ufumbuzi ni mwanga. Picha zinazojulikana hupigwa kutoka bustanini, upande wa kusini, mpiga picha akitazama kaskazini. Mashariki iko kulia kwake. Ikiwa picha ilipigwa asubuhi, nyuso za kulia za minara na za kuba zinang'aa na za kushoto zina kivuli. Jioni ni kinyume. Tazama boksi, amua ni saa ngapi, kisha kila kipande chenye kivuli kitakuambia upande wake. Kwa picha ya bwawani, tafuta mistari iliyotikisika kidogo: maji hayatulii kabisa hata siku yenye utulivu. Na minara ile minne imeinama kidogo kwenda nje, hivyo mnara wa kushoto huegemea kushoto na wa kulia huegemea kulia. Ni kidogo sana, lakini kwenye kipande chenye ukingo wa mnara na anga, jicho lililozoea huuona.

Lundo la rangi ya mchanga lina piramidi za Giza, Colosseum ya Roma, Petra ya Jordan, na wakati mwingine Ukuta Mkuu wa China. Petra iitoe haraka, ina wekundu wa waridi. Ukuta wa China nao una ukijivu na karibu kila kipande chake kina msitu pembeni.

Kwenye piramidi, ile inayoonekana kubwa katikati ya picha nyingi siyo ya mfalme Khufu, ambayo ndiyo kubwa kweli. Ni ya Khafre, iliyojengwa kwenye mwamba ulioinuka zaidi, na ndiyo pekee iliyobaki na ganda lake laini la chokaa kileleni. Vipande vyenye mawe yenye ngazi vinavyokutana na uso laini ni vya huyo. Ya Khufu ilikuwa na zaidi ya mita 146 ilipojengwa na sasa ina karibu mita 138; kilele chake kimebaki butu. Kipande chenye ncha kali na anga si cha Khufu.

Colosseum, iliyozinduliwa mwaka 80 chini ya Kaisari Tito, ina matao kwenye ghorofa tatu za chini, 80 kwa kila ghorofa, na ghorofa ya nne ina vidirisha vidogo vya mraba bila matao. Matao yote yanafanana, na hapo ndipo watu hukata tamaa. Angalia vichwa vya nguzo zilizo kati ya matao. Ghorofa ya kwanza vichwa ni vitupu. Ya pili vina misokoto miwili pembeni. Ya tatu vina majani yaliyochongwa. Warumi walipanga hivyo kwa makusudi. Kama uchapaji ni mzuri, utaona tofauti hata kwenye kipande cha sentimita mbili. Kama si mzuri, tumia lenzi ya kukuzia. Kumbuka pia kwamba ukuta wa nje haukuzunguka wote. Upande wa kusini uliporomoka kwa tetemeko la ardhi la mwaka 1349, na palipokatika pana mteremko unaoonekana katika karibu kila picha. Anzia kwenye mteremko huo.

Tahadhari mbili za picha za mkusanyiko. Usiamini ukubwa: mchoraji anaweza kuliweka Kanisa la Basil sawa na Burj Khalifa ya Dubai, ambayo ina mita 828. Na chunguza vivuli. Kama picha imeunganishwa kutoka picha nyingi za kamera, kila jengo lina jua lake, jingine kushoto, jingine kulia. Hapo kivuli peke yake kinaweza kukuambia kipande ni cha jengo gani. Kama ni mchoro wa mkono, jua ni moja na kanuni hiyo haifanyi kazi.

Jenga visiwa

Kila jengo liunganishe juu ya karatasi ngumu tofauti, nje ya fremu. Likikomaa, liteleze kutoka kwenye karatasi hadi mahali pake ndani ya fremu kwa kulinganisha na boksi. Usilishike kwa vidole hewani.

Kipande sahihi kinaingia bila kusukumwa. Mafumbo ya bei nafuu yana vipande vinavyokaa pasipo pao, kwa hiyo kagua mambo matatu: mistari ya picha iendelee bila kuruka, ukipitisha kidole juu ya maungio usihisi ngazi, na ukiinua viwili vilivyoungana kuelekea taa usione mwanga ukipenya. Kimojawapo kikishindikana, kitoe hata kama umekipenda.

Anga, maji na majani

Mwisho hubaki vipande visivyo na alama yoyote. Acha kutazama picha, tazama umbo. Kila kipande cha katikati kina pande nne, na kila upande una ulimi uliotokeza au tundu lililoingia. Panga kwenye makundi: ndimi nne, ndimi tatu, ndimi mbili zinazoelekeana, ndimi mbili za jirani, ulimi mmoja, na matundu matupu. Kisha tazama nafasi iliyo wazi, hesabu inataka ndimi ngapi na ziko pande zipi, na ujaribu kundi hilo tu, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio. Chenye kushindwa kiweke pembeni usikirudie.

Anga nayo ina siri yake. Chini karibu na upeo wa macho imepauka, juu imekoza, kwa sababu ukitazama upeoni jicho linapita kwenye hewa nyingi zaidi. Panga vipande vya anga kutoka kilichopauka hadi kilichokoza na utakuwa umeshapata safu zake kwa kukadiria. Ifanye kazi hii mchana.

Kipande kimoja kikikosekana

Tafuta ndani ya mfuniko wa boksi, kwenye mikunjo ya mfuko wa plastiki, chini ya zulia, kwenye pindo la suruali na mikono ya shati, na chini ya nyayo za kila aliyekaa hapo. Kisha chunguza kama kimegandamana nyuma ya kipande kingine. Kikikosekana kabisa, weka karatasi nyeupe chini ya pengo, chora umbo lake kwa penseli, hamishia kwenye karatasi ngumu yenye unene ule ule, kata kwa mkasi mdogo, paka rangi kwa kalamu za watoto ukifuata picha ya boksi. Kwenye anga au mchanga hakitajulikana kwa mbali.

Kulitundika au kulibomoa

Ukitaka kulitundika, teleza nailoni chini ya fumbo zima, mimina juu yake gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji kidogo, na uitandaze kwa kadi ya plastiki kutoka katikati kwenda kingo. Futa inayobaki juu. Acha ikauke usiku kucha, ligeuze, fanya hivyo hivyo nyuma. Ndipo umpelekee fundi wa fremu.

Mimi huona ni heri kulibomoa na kumpa jirani. Ukibomoa, weka kila jengo kwenye mfuko wake mdogo na uandike jina. Atakayelipokea akiwa mtoto utampa mfuko mmoja mmoja. Akiwa mtu mzima, achanganye mwenyewe.

Tengeneza la kwetu

Mafumbo mengi ya majengo ya dunia huishia Giza linapokuja bara la Afrika. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno Mombasa kati ya 1593 na 1596, haimo. Beit al-Ajaib ya Unguja ya mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, haimo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani haumo. Watoto wetu wanastahili kuyaunganisha haya kwa mikono yao, na kutengeneza si kazi kubwa.

Mafumbo haya yenyewe yalianza hivyo. Miaka ya 1760 mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye ubao na kuikata kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Chapisha picha ya jengo kwenye karatasi ya A4, au ikate kwenye kalenda ya mwaka uliopita. Ibandike kwenye karatasi ngumu isiyo na mawimbi ndani, kama mgongo wa daftari kubwa la kuchorea, ukitandaza gundi nyembamba hadi kingo. Weka chini ya vitabu vizito usiku mzima ili isijikunje.

Nyuma yake chora mistari kwa penseli, safu sita kwa nne. Kwenye A4 utapata vipande 24 vya karibu sentimita tano, vinavyomtosha mtoto wa miaka minne au mitano. Ipinde mistari kidogo isinyooke, ili kila kipande kiwe na mwenzake mmoja tu. Kata kwa kisu cha karatasi chenye wembe mpya juu ya ubao, ukipita mara tatu nne kwa mkono mwepesi badala ya kukandamiza mara moja. Wembe ushikwe na mtu mzima. Kwa mtoto mdogo zaidi, kata kwa kufuata umbo la jengo lenyewe: mnara kipande kimoja, roshani kipande kingine, mlango kingine.

Nyuma ya kila kipande andika herufi moja ya fumbo hilo, F kwa Fort Jesus, K kwa Kilwa, ili mafumbo mawili yakichanganyika sakafuni uyatenganishe haraka. Yahifadhi kwenye bahasha ya kaki, na picha ndogo ya jengo zima uibandike kwa nje.